Arusi ya Kwa Bava Mbaruku

Sidibandar, kwa njia ya Veraval
Bara Hindi
3 Machi 1970

Kwa mke wangu Semeni binti Masolwa,
Gongoni, Tabora.

Semeni, kaa kitako kwanza. Na wewe Marcelina unayemsomea, soma polepole, maana habari hii ikisomwa mbio itaangusha watu barazani. Mumeo ana bahati. Sisemi bahati ya kuokota kitu njiani, nasema bahati ya kuzaliwa nayo, kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita. Bahati ingekuwa mbwa, huyu wangu angekuwa amelala miguuni pangu sasa hivi, anakoroma.

Najua mtasema: mwaka na nusu hajaandika hata mstari, leo ndiyo anakuja na bahati. Kweli. Mtu anayekula hasemi, mdomo umejaa.

Mji huu unaitwa Sidibandar. Uko ukingoni kabisa mwa bahari, nyumba za mawe zimepakwa chokaa, na nje yake mashamba ya chumvi, meupe mpaka macho yanauma. Wanawake wanakwangua chumvi kutwa na miguu yao imepasuka kama udongo wa Itetemia mwezi wa Oktoba. Samaki wanaanikwa juu ya kamba kama nguo. Harufu yake siku ya kwanza inakutapisha, mwezi wa pili unaisahau, mwezi wa tatu ukiikosa unauliza kuna nini.

Sasa mimi nakaa kwa Bava Mbaruku. Huyu ndiye mkubwa wa mji, na msidhani natia chumvi, ingawa ipo tele. Watu wanatembea siku tatu kuja kwake. Wakifika mlangoni wanavua viatu, wanagusa kizingiti, wanaingia wameinama, na wakitoka wanatoka kinyumenyume ili wasimpe mgongo. Waislamu wanakuja, Mabaniani wanakuja. Wanaleta nazi, maua ya waridi, nguo za kijani zenye nyuzi za dhahabu. Mwanamke asiyepata mtoto anakuja. Mtu na ndugu yake waliogombania mpaka wa shamba wanakuja pamoja, na mwongo hathubutu kufungua kinywa, kwa sababu mbele ya Bava ulimi wa mwongo huvimba. Na nani anayefungua mlango ule kila alfajiri? Ghalibu bin Nabhan wa Gongoni. Funguo ziko kiunoni pangu. Mimi ndiye msimamizi wa nyumba nzima.

Haji Osmani, kule dukani kwake Tabora, alinikaripia miaka kumi na moja kwa sababu ya chai. Bava tangu nije hajanikaripia hata siku moja.

Na mjue ni mtu wa kwetu. Asili yake Afrika, alikuja na biashara ya ushanga. Watu wake wanaitwa Wasidi, weusi kama mama, nywele zao kama zangu, na ngoma yao wanaiita goma. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama katikati ya njia na kikapu changu mpaka punda akanisukuma. Kiswahili wanakijua. Kimeingia kutu kidogo, lakini tunazungumza kutwa.

Asubuhi nafukiza ubani. Watu wanapanga foleni, na mimi nawapiga kichwani taratibu kwa kipepeo cha manyoya ya tausi, wanaondoka wamefurahi kana kwamba wamepewa ardhi. Kwetu ningempiga mtu kichwani, ningeamkia kituoni. Bava ana dada yake, anaitwa Mai Misri, nyumba yake iko nyuma ya ile kubwa. Kila Alhamisi wanawake wanampikia wali wa choroko kwa samli, na mwanamume haruhusiwi kuchungulia sufuria. Lakini sahani ya kwanza ikitoka inaletwa kwangu. Mai ananipenda, sijui ameona nini.

Nalala ghorofani, dirisha linatazama bahari. Haji Osmani anawasalimu wote. Macho yake ni yale yale, yaani hayaoni, ila mdomo ni mzima.

Mwambie mama: marehemu babu alibeba pembe kutoka Kwihara mpaka Bagamoyo, akarudi akajisifu mpaka siku ya kufa. Mimi nimembeba Mhindi mzima, Haji huyu asiyeona, mpaka kwao. Nani mpagazi?

Mumeo mwenye nyota,
Ghalibu bin Nabhan
(Msimamizi)


Gongoni, Tabora
24 Mei 1970

Mume wangu Ghalibu,

Shikamoo. Anayeandika ni Marcelina, binti wa Mama Eustadia wa Cheyo. Maneno ni yangu.

Barua yako imefika na tumeshukuru. Imesomwa barazani mara tatu siku ya kwanza, na mara moja tena walipokuja wageni wa msibani kwa jirani. Mama yako ameifunga kwenye pindo la kanga, halala bila hiyo. Sasa nikipita sokoni naitwa mke wa msimamizi. Muuza karanga ameninyima punguzo, anasema mke wa msimamizi hawezi kuomba punguzo.

Sisi ni wazima. Mvua ilikuja ikaondoka mapema. Michembe tumekausha, viazi vyake vilikuwa vitamu, nimekuwekea debe moja.

Ghalibu, nina maneno mawili.

La kwanza ni la mafuta. Unaijua sheria ya mama yako, kwamba mke wa mpagazi hapaki mafuta mpaka mume arudi kutoka pwani. Alifanya hivyo mama yake, na mama wa mama yake, na wote waume zao walirudi. Basi tangu ulipopanda treni na Haji Osmani sijapaka mafuta, sijasuka, sijatia hina. Nilijaribu kidogo tu Idi iliyopita, mama akaninyang'anya kopo. Akasema nikipaka mimi hapa, utateleza wewe huko. Mwaka mmoja na miezi tisa, Ghalibu. Ngozi yangu imekuwa ya kenge. Sisemi kwa kulalamika, nasema uelewe ninavyohesabu siku.

La pili ni hili. Wametangaza kijiji cha ujamaa upande wa Itetemia, na sisi tusio na shamba la maana mjini tunaweza kujiandikisha. Nilikwenda. Katibu akaniuliza, mkuu wa kaya yuko wapi. Nikasema, Bara Hindi. Akauliza, anarudi lini. Kalamu yake ikabaki hewani. Mtu mmoja nyuma akasema, andika "anakuja na kesho," watu wakacheka. Sikuandikishwa.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na sitaki jibu la barazani. Unarudi au hurudi? Kama unarudi, sema mwezi. Nitangoja na ngozi yangu hii. Kama hurudi, sema.

(Mimi Marcelina: Amesema nisiandike kwamba analia, kwa hiyo siandiki.)

Msalimie Haji Osmani. Mwambie duka lake sasa limepangwa na watu wa ushirika na mizani yake bado iko pale pale.

Mkeo,
Semeni


Sidibandar
20 Agosti 1970

Semeni wangu, mke wa msimamizi,

Marahaba, marahaba mara mia. Swali lako nimelisoma. Ni swali zuri, limekaa vizuri, nimelipenda. Nitalijibu. Kwanza nikupe habari, maana habari zikilala zinachacha.

Juzi mbalamwezi ilikuwa imekamilika, Mabaniani wakailisha bahari nazi. Mji mzima ulishuka ufukoni, wanawake wamevaa rangi ambazo kwetu hazijapata majina. Kila mmoja ana nazi yake, imepakwa wekundu, imefungwa uzi. Wanaiambia bahari maneno, wanairushia. Bahari inazipokea, inazipeleka mbele, inazirudisha, inazipeleka. Masikini wanaziokota kule mbele na hakuna anayewakataza, kwa sababu bahari imekwisha kula harufu. Na sisi Waislamu tulikuwepo tunatazama, kama wao wanavyokuja kwa Bava. Hapa dini ni kama visima, kila mtu ana chake lakini ukiwa na kiu hawakuulizi.

Sasa habari kubwa. Nataka wewe uwe wa kwanza kuijua Tabora nzima.

Baada ya wiki mbili ni Rajabu, na Rajabu ni arusi. Arusi ya kwa Bava. Wageni watatoka mpaka Bombay, watalala njiani kwa sababu nyumba hazitatosha. Na mwaka huu mimi ndimi niliyechaguliwa. Vikongwe watasaga liwa siku tatu wakiimba. Liwa itatiwa katika bakuli la fedha, na bakuli litakaa juu ya kichwa hiki unachokijua wewe. Kanzu nyeupe, kilemba cha kijani. Goma mbele, vijana wanacheza mpaka wanavunja nazi kwa vichwa vyao, watu wanarusha waridi kutoka madirishani. Tunauzunguka mji wote. Halafu naingia ndani kwa mguu wa kulia, na mlango unafungwa. Liwa inapakwa, nguo mpya inatandikwa. Mlango ukifunguliwa ni pilau, mbuzi arobaini, na atakayeondoka na njaa ajilaumu.

Fikiri, Semeni. Mtoto wa Nabhan, aliyefukuzwa darasa la nne kwa kumwigiza mwalimu anavyotembea.

Haji Osmani anakusalimu, amecheka kuhusu mizani. Kuhusu swali lako, baada ya arusi nitakuwa na nafasi ya kufikiri.

Mumeo,
Ghalibu bin Nabhan
(Msimamizi Mkuu)


Gongoni, Tabora
15 Novemba 1970

Ghalibu,

Hongera kwa arusi.

Marcelina alikuwa anasoma kwa sauti, barazani kumejaa. Alipofika "mlango unafungwa" sauti yake ikapungua, na wanawake wakatazama chini. Mama yako akapiga kigelegele. Akasema, mwanangu ameoa kwa wakubwa, nilijua tangu tumboni. Mimi niliinuka nikaenda kuchota maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Siku ile ile nilipaka mafuta. Ya nazi, kuanzia utosini mpaka visiginoni, mbele ya mama yako. Hakuninyang'anya kopo. Hukuteleza?

Sigombi, Ghalibu. Mume ana ruhusa yake. Ila mtu huambiwa. Hata mbuzi wa jirani ukitaka kumchukua unabisha hodi. Wewe uliniambia liwa inasagwa, uliniambia rangi ya kilemba, mwenyewe hukumtaja. Nimekaa nikawaza, nikamkumbuka yule dada wa Bava anayekupelekea sahani. Ndiye? Mai Misri? Ana umri gani? Anajua kama nipo?

Sasa sikiliza na mimi habari yangu, maana na mimi ninazo. Lukumani wa Itetemia, yule mgane mwenye mizinga ya nyuki, amemtuma shangazi yake kwangu. Nilijibu mimi ni mke wa mtu. Shangazi akasema, mke wa mtu yupi, huyu wa barua? Sikukasirika, kwa sababu nililiona ni swali. Lukumani amesema hana haraka, atangoja mpaka arine asali mwakani, mwezi wa saba. Yeye ameshajiandikisha kijijini. Nyumba ni ya miti na udongo, ghorofa haina.

Kwa hiyo swali langu bado ni lile lile, ila limekua. Mimi ni mke wako au ni mke wa barua zako? Kama ni mke wako, rudi au sema lini. Kama siye, nipe talaka yangu kwa wema, na mimi nitakuombea wewe na mwenzangu huko.

Semeni

(Mimi Marcelina: na mimi sijafurahi, Kaka Ghalibu. Hata stempu nimeibandika vibaya kwa makusudi.)


Sidibandar
30 Januari 1971

Semeni,

Hongera yako imefika. Nilipoisoma nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu niliendelea kukaa.

Kuhusu arusi, mambo yalikwenda vizuri, tunamshukuru Mungu. Ndiyo, Mai Misri. Umri wake ni mtu mzima, hilo siwezi kukuficha. Ni mtulivu sana. Hana makuu, hana wivu, tangu siku ile hatujagombana hata mara moja. Hajawahi kuniuliza natoka wapi wala narudi saa ngapi. Nilimwambia kwamba upo. Hakusema neno baya.

Lukumani namfahamu. Nyuki wamemuuma mpaka uso umekuwa kama kiazi kilichosahauliwa jivuni. Sikatai ni mtu mwema. Nasema tu usimtazame wakati wa kula.

Nafasi yako iko pale pale. Wa kwanza ni wa kwanza. Kuhusu kurudi, ni vigumu kumwacha Bava, amenizoea. Nilimuuliza kama naweza kuondoka. Hajajibu. Akijibu nitaandika.

Barua yako niliinusa, kwa sababu uliandika mafuta ya nazi. Inanuka karatasi tu.

Haji anawasalimu.

Ghalibu bin Nabhan


Tabora
2 Mei 1971

Ghalibu

Huu ni mkono wangu. Tazama herufi zinavyopanda mlima. Mwalimu Raymundi anasema zitashuka zenyewe.

Nimesoma darasa la watu wazima miezi saba. Tunakaa kwenye madawati ya watoto. Magoti yanagonga. Neno la kwanza niliandika jembe. La pili niliandika jina langu. La tatu niliandika jina lako, nikalifuta, mwalimu alikuwa anapita.

Barua yako ya mwisho niliichukua posta mimi. Nilisoma mwenyewe. Siku nne. Mama hajaiona. Marcelina hajaiona.

Nataka kukuambia kitu. Marcelina akisoma barazani watu wanacheka na mimi nasikia kicheko. Nilipoisoma peke yangu sikusikia. Nikazitoa zote nikazisoma tena moja moja. Umeandika nguo, umeandika nazi, umeandika mbuzi arobaini. Barua tatu. Hujaandika hata mahali pamoja ulikula na nani.

Unakula na nani Ghalibu.

Sasa hakuna baraza. Ukiniandikia nasoma mimi tu, chumbani, mlango umefungwa. Hakuna atakayecheka na hakuna atakayepiga kigelegele. Niandikie hivyo mara moja.

Lukumani anarina mwezi wa saba. Sijamjibu. Alikuja akakaa nje, akatengeneza mguu wa kitanda cha mama yako, akaenda zake. Uso wake hauna kitu.

Sikuulizi ghorofa. Sikuulizi Mai. Kama ninamwacha mtu, nijue ninamwacha nani. Kama ninamngoja, nijue ninamngoja nani.

Semeni binti Masolwa
mimi mwenyewe


Sidibandar
14 Juni 1971

Semeni,

Herufi zako zinapanda mlima. Nimezitazama sana kabla ya kuzisoma. Lile neno jembe ningependa kuliona.

Umeuliza nakula na nani. Nakula peke yangu. Nakaa nimegeukia ukuta, kwa sababu nikiwageukia watu wanadhani nangoja kukaribishwa, na wao ni watu wema, watanikaribisha, na kesho nitaona haya kupita mlangoni kwao.

Sasa nianze. Ukiona nimefanya mzaha mahali, ruka.

Haji Osmani amekufa. Alikufa mwezi wa saba tangu tufike, Machi ya sitini na tisa, kichwa chake kikiwa mapajani pangu, akiniuliza kama kumekucha. Kulikuwa adhuhuri. Nikamwambia bado. Watoto wake walikuja kutoka Bombay wakamzika vizuri, wakafunga nyumba, wakanipa mkono, wakarudi. Kila mmoja alidhani mwenzake amenishughulikia. Karatasi yangu ya safari ilikuwa imeambatana na yake, na yake ikafungiwa sandukuni pamoja na miwani yake. Salamu zote alizowaletea mwaka jana na mwaka huu nilizitunga mimi.

Bava Mbaruku ni kaburi. Alikufa zamani sana, kabla ya babu wa babu yake Haji. Ni walii, watu wanamheshimu, na yote niliyokuandikia juu ya viatu na kizingiti na nazi ni kweli. Sikusema tu kwamba aliye ndani hapumui. Mai Misri, dada yake, na yeye ni kaburi, dogo zaidi, lipo nyuma chini ya mkwaju. Wali wa choroko wanampikia kweli, na mimi hupewa ukoko.

Arusi. Hapa siku aliyokufa walii wanaiita urusi, na nilivyosikia mimi kwa masikio yangu ya Tabora ni arusi. Wanasema siku ile roho yake ilifika kwa Mungu aliyempenda, kwa hiyo haililiwi, inachezewa ngoma, na kaburi linapakwa liwa kama bibi arusi. Nilipokuandikia nilikuwa natamba tu kwa ajili ya bakuli. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba sikuwaambia Bava amekufa. Wallahi sikuwa na nia ya kukutia uchungu.

Ulipoandika hongera, kusahihisha ilikuwa mstari mmoja. Nilikaa na mstari huo siku kumi. Lakini nikikuambia bibi arusi ni kaburi, itabidi nikuambie na Bava ni kaburi, na nikisema Bava ni kaburi utauliza, basi wewe unasimamia nini. Na mimi nafagia, Semeni. Nafagia ua asubuhi, kinyesi cha njiwa, maua ya jana, maganda ya nazi. Nikaona heri unichukie nina wake wawili kuliko unihurumie nina ufagio mmoja. Nikajua barua itasomwa barazani. Niliwaona wote pale, muuza karanga, mama na pindo lake la kanga, nikaandika kwa ajili yao. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo katikati na sikukuona.

Funguo nilizishika siku sita, mwenye mlango alipougua. Kipepeo cha tausi ni chake. Bakuli la liwa nililibeba kweli, lakini lilikuwa la pili, la akiba, na mlangoni nililikabidhi kwa wenyewe. Nalala stoo, kwenye nguo za kijani zilizochakaa ambazo haifai kuzitupa. Dirisha hakuna. Bahari naisikia.

Kiswahili hawakijui. Wanalo hilo neno goma, na wimbo mmoja wenye maneno sita hivi ya kwetu ambayo wazee wao waliwaachia. Mzee mmoja aliniuliza maana yake. Nikamwambia, ni wimbo wa kumbembeleza mtoto, unasema nyamaza, mama yako amekwenda kisimani. Alisikitika, alidhani ni dua. Ndiyo mazungumzo marefu niliyopata kwa lugha yangu. Alfajiri nikimaliza kufagia nampigia Bava shikamoo, kisha najiitikia marahaba.

Sasa swali lako, la tangu mwaka jana. Sirudi mwezi wa saba. Mwakani pia sirudi. Sijui kama nitarudi kabisa. Nimeandika barua tatu kwa wakubwa wa karatasi huko Bombay na sijapata jibu, na hata wakijibu, bahari bado ipo.

Kwenye bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimeiandika mbele ya mashahidi wawili, imamu wa hapa na mwenye mlango, nao wametia majina yao kwa herufi zao. Inasema nimekupa amri yako mkononi mwako. Mpelekee shehe, anajua maana yake: ukitaka kuwa huru, uko huru siku hiyo hiyo, bila kunisubiri na bila kunipa sababu. Ukitaka vingine, pia ni juu yako. Sikuitoa talaka mwenyewe kwa sababu nimeshakuamulia mambo mengi bila kukubishia hodi.

Lukumani nilimsemea vibaya. Sijawahi kumwona akila. Nilimwona mara moja tu, barabara ya Itetemia, amesimama kumpisha mwanamke mwenye mtungi, na alisimama mpaka yule mama akapita kabisa. Mtu anayetengeneza kitanda cha mama wa mtu aliyemzibia njia, huyo simwezi. Usiache kupaka mafuta.

Mama mwachie ghorofa yake na mkwe wake wa Kihindi. Ni mzee, havimdhuru. Wengine waambie utakavyo, hata barazani, hata leo.

Bahati niliyokuandikia haikuwapo. Sikuwa nayo siku ile nilipoandika, na sina leo. Ulikuwa uongo.

Ghalibu